Walinishika Wakidhani ni Sukari

Nyumbani kwetu Kawajense, mjini Mpanda, mimi ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kuuona ugonjwa wangu. Mama ameuona, baba ameuona, jumuiya nzima imeuona, hata mbuzi wa jirani wameuona. Mimi huwa sipo. Naondoka katikati ya sentensi, na nikirudi nakuta kila mtu ameshaona kilichotokea, nami nimebaki na ulimi nilioung'ata, sketi iliyolowa na kichwa kizito. Hofu yangu niliisoma kwenye nyuso zao. Kama wao, watu wazima, walikuwa wanaogopa vile, nilijua nilichonacho si kitu cha mchezo.

Nakuandikia wewe uliyepata nafasi ya chuo na una kifafa. Najua unachokiwaza, maana nami nilikiwaza mpaka nikakonda: nitalala chumba kimoja na nani, na huyo mtu atafanya nini siku nitakapoanguka mbele yake. Mambo ya ubongo sitakueleza kwa sababu siyajui. Wala sitakuambia usiogope. Niko mwaka wa pili sasa, dawa zimenikubali, misimu inapishana bila tukio, na bado ninaogopa. Ila naogopa nikiwa darasani, na zamani nilikuwa naogopa nikiwa nimefungiwa chumbani.

Nilianguka mara ya kwanza kidato cha tatu, msimu ambao wenye tumbaku wanakausha majani na mji mzima unanuka moshi mtamu. Tulikuwa mstarini asubuhi. Nakumbuka mwalimu wa zamu akisema habari za kufyeka, kisha nakumbuka nimelala kwenye vumbi na mstari wote umerudi nyuma hadi kwenye ukuta wa maabara. Watoto zaidi ya mia, na kati yangu na wao kulikuwa na uwanja mtupu. Rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye dawati moja alikuwa mbele kidogo ya wengine, analia, lakini hakuja. Simlaumu. Hata yeye alikuwa amefundishwa nyumbani kwao.

Maana kwetu kuna jambo ambalo kila mtoto anakua nalo. Mwenye kifafa akianguka, usimguse mpaka povu likauke. Povu lake likikugusa, umekipata. Bibi mzaa baba alipopata habari alipanda basi kutoka Inyonga, akafika na kuku mmoja na amri mbili. "Asikae peke yake," alisema, "na chombo chake kiwe chake." Basi nikatengewa sahani na kikombe. Nikianguka, mama alikuwa anasimama mlangoni akilia na kuniita jina, akisubiri. Nikizinduka ananirushia kitambaa nijifute mwenyewe. Alinipenda, hilo sikuwahi kulitilia shaka, lakini alikuwa ananipenda kwa umbali wa hatua kadhaa.

Siku moja nilikuwa nasonga ugali. Nilizinduka nikiwa uani, na mkono wa kushoto umeungua kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye vidole. Mama alikuwa amenivuta kutoka kwenye mafiga kwa kunishika mguu. Baadaye, kidonda kilipoanza kupona na tukaweza kutaniana, nilimuuliza kwa nini mguu. Akasema mguu hauna povu. Tulicheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba na hakurudi kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo sikuruhusiwa kukaribia jiko, kisima, wala ngazi.

Kliniki ya watu wa aina yangu ilikuwa siku moja na kliniki ya watu wa akili, kwenye veranda ileile. Mpanda ni mji mdogo. Ukionekana kwenye benchi lile asubuhi, jioni habari imeshafika sokoni. Mama aligundua kwamba benchi la pembeni ni la wagonjwa wa sukari, basi tukawa tunakaa kwao, tukinyoosha shingo kusikiliza jina langu likiitwa upande wa pili. Likiitwa, mama ananifunika kanga kichwani na tunaingia haraka kama tumekosea mlango.

Siku moja akapita dada mmoja wa jumuiya yetu ya kanisa. Akasimama, akatusalimu, macho yakiwa yanauliza.

"Sukari, dada yangu," mama akamwambia kabla hajaulizwa. "Mtoto ana sukari."

Jumapili ile jumuiya ilisali kwa ajili ya sukari yangu. Tangu hapo mtaa mzima ukanihurumia kwa namna mpya. Nikienda kwa jirani napewa uji usio na sukari. Kwenye komunyo ya kwanza ya mtoto wa jirani watoto wote waligawiwa soda, mimi nikaletewa maji yaliyochemshwa, na mama mwenye nyumba akanishika bega akisema, "Pole mwanangu, tunakujali." Nilikunywa chai chungu Kawajense nzima kwa miaka, na mama alikuwa ananitazama akiniomba kwa macho nivumilie.

Huko kwenye benchi la sukari mama alijifunza mengi. Alijua kupanda na kushuka, alijua kwamba ikishuka mtu hutetemeka na kudondoka, na kwamba apewe kitu kitamu upesi. Uongo ukawa umepata maelezo yake yote. Nikianguka mbele za watu, mama anasema imeshuka.

Vidonge vyenyewe vya kifafa vilinibadilisha kabla ya kunisaidia. Nilikuwa nalala darasani mdomo wazi. Fizi zilivimba hadi meno yakaonekana madogo, nikaanza kucheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja, na mpaka leo nikisahau hufanya hivyo. Nilinenepa mashavu, nikawa mzito wa kujibu. Mwalimu akiuliza swali, jibu linanijia wenzangu wakiwa wameshafika swali lingine. Lakini kuanguka kulipungua, nikamaliza shule, na nikachaguliwa kwenda chuo, fani ya maendeleo ya jamii, hapa hapa mkoani. Jina la chuo nitalihifadhi.

Tulikuwa tunapepeta mahindi mimi na mama, redio ikiwa dirishani, tangazo lilipopita. Chuo kile kilikuwa kinawaita wanafunzi wapya wenye ulemavu na wenye magonjwa ya muda mrefu waripoti wiki chache kabla ya wengine, wazoee mazingira, wajifunze kujitegemea bwenini, waonane na walimu wao kabla ya vurugu za kufungua. Namba ikasomwa. Nikaikariri.

"Mlemavu nani?" mama akasema kabla sijafungua mdomo. "Una miguu miwili, una macho mawili. Huko ni kwenda kujitangaza."

Nilipiga siku hiyohiyo. Mwanamke aliyepokea alikuwa na sauti ya taratibu, akajitambulisha kuwa ni Mwalimu Rehema, mratibu wa mafunzo hayo. Akaniuliza nina hali gani.

"Huwa naanguka," nikasema.

Mama akaninyang'anya simu. "Ni sukari, mwalimu. Ikishuka tu. Sukari ya kawaida."

Baba alikuwa porini kwenye kambi la asali, upande wa Inyonga, akirina mizinga yake. Huko mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu. Alipopiga, mama aliweka sauti ya simu juu ili nami nisikie nikikatazwa.

"Mwache aende," baba akasema. "Mimi kila msimu napanda miti mirefu na moshi mkononi, na wewe huku unalala vizuri tu."

"Wewe ukianguka watakudaka," mama akajibu. "Yeye nani atamgusa?"

 Baba akarudia, taratibu zaidi, mwache aende. Nilishukuru, lakini lile swali la mama nililibeba hadi chuoni pamoja na godoro. Nilikuwa na njia mbili, na zote zilinitisha. Nikisema ukweli, watanikimbia. Nisiposema, siku moja nitaanguka mahali pabaya na hakuna atakayejua la kufanya.

Tuliripoti miti ikiwa na majani mekundu, mvua bado. Mama alinisindikiza kwa bajaji. Wakati mimi nasaini getini, yeye alikuwa ameshamvuta matroni pembeni. Nilimsikia vizuri: "Akidondoka usihangaike, mama. Soda tu. Mnyweshe soda." Matroni aliitikia kwa kichwa na kuahidi kuweka chupa kabatini. Mama alinikumbatia akaondoka bila kugeuka, nami nikaingia ndani na uongo ule.

Tulikuwa wachache. Chumbani nilipangwa na Godeliva, msichana wa Katumba, kwenye makazi ya Warundi, mguu mmoja umekatwa juu ya goti baada ya ajali ya pikipiki, ulimi mkali kuliko panga. Alinipokea hivi: "Kitanda cha chini ni changu, usijaribu hata kuuliza." Darasani tulikuwa na Ezekia, kijana asiyeona, aliyekuwa anajua kila mtu kwa viatu vyake. Wengine watatu walikuwa viziwi, na walikuwa na mkalimani wao.

Mafunzo yalikuwa ya mambo madogo ambayo nyumbani hatukuachiwa kuyafanya. Kufua. Kwenda zahanati ya chuo mwenyewe na kueleza shida yako bila mzazi kukujibia. Kumwomba mhadhiri muda wa ziada. Kupika! Siku ya kwanza nilipowekwa mbele ya jiko nilisimama mbali na mwiko mkononi, jasho linanitoka, mpaka Godeliva akauliza kama nasubiri ugali unisalimie.

Kila siku mtu mmoja alikuwa anasimama kuwafundisha wenzake namna ya kumsaidia. Ezekia alituambia tusimburute mkono kama ndama, tumpe kiwiko akishike yeye. Godeliva alisema atakayehamisha magongo yake bila kumwambia atamfuata kwa mguu uleule mmoja na atamfikia. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikatazama nyuso zao, nikasema, "Mimi nina sukari. Nikianguka, soda." Nikakaa.

Nilianguka bwaloni, wakati wa chakula cha mchana.

Nilizinduka kwenye kitanda cha zahanati, kifua kinawaka, kila pumzi inakwaruza. Nilikuwa nakohoa kitu kitamu. Mashavu yalikuwa yananata na nywele zilinuka soda ya machungwa. Nesi alikuwa amenilaza ubavu na anaongea na simu kuomba gari. Godeliva alikuwa kwenye kiti pembeni, amekumbatia magongo, analia kwa sauti bila aibu.

"Nimekuua," alikuwa anasema. "Mana yanje, Mungu wangu, nimemuua mtu. Mimi ndiye nimekushika taya, matroni akamimina. Ilikuwa haiingii, nikalazimisha."

Nikatazama mikono yake. Ilikuwa imekauka povu langu hadi kwenye viganja, na lingine lilikuwa kifuani kwenye blauzi. Kichwa changu kilichovurugika kiliona jambo moja tu. Alinishika. Tangu ugonjwa uanze, ukiacha mama na ule mguu, hakuna mtu aliyewahi kunishika nikiwa vile. Na alinishika kwa sababu ya uongo wa mama, na kwa uongo huohuo nusura nife. Nililia nikiwa nakohoa, na nesi akadhani ni maumivu.

Hospitali nililazwa na kuchomwa sindano kwa sababu soda ilikuwa imeingia kwenye mapafu. Homa ilikuwa inapanda kila jioni. Sijawahi kuogopa kama siku zile, kwa sababu safari hii nilikuwepo, nilikuwa naona. Nilikuwa nahesabu pumzi na kila moja nilidhani haitafuatwa na nyingine. Mama alikuwa kitandani pangu, analipoza paji langu kwa kitambaa, na haniangalii machoni.

Homa ilipoanza kushuka, daktari alituambia wazi kwamba sukari yangu ilipimwa na haina shida yoyote. Mwalimu Rehema alikuwepo, amekuja kunijulia hali. Mama akasema, "Huwa inapanda na kushuka." Daktari akamtazama, akamtazama Mwalimu Rehema, akaondoka kuendelea na wagonjwa wengine. Mwalimu naye aliaga kwa heshima. Mlangoni aligeuka na kusema nafasi yangu chuoni ipo, lakini wenzangu wanatakiwa kujua wafanye nini, maana Godeliva hali chakula.

Tulibaki wawili. Nikamwambia mama nitawaambia.

"Watakutenga."

"Najua."

"Hujui!" Alisema kwa nguvu hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Kisha akashusha sauti, akaanza kunieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia. Mama amezaliwa Kasansa, kwa wafugaji wa ng'ombe. Alikuwa na kaka, Deusi, aliyekuwa akianguka kama mimi. Siku moja walipeleka ng'ombe kunywa, watoto na watu wazima, na Deusi akaangukia ndani ya maji kifudifudi. "Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, mwanangu. Ya kifundo cha mguu. Watu wamejaa pale, wanasubiri povu liishe." Akakunja ncha ya kanga na kuikunjua. "Na mimi nilikuwa nimesimama."

Nilimshika mkono. Alikuwa mtoto, na alikuwa amefundishwa, na baada ya hapo akanizaa mimi. Nilielewa kwa nini aliipenda ile sukari. Mtu wa sukari watu wanamkimbilia.

"Mama, na safari hii walinikimbilia," nikamwambia. "Kidogo niwafie mikononi."

Alilia mpaka nesi akamletea kiti. Hakusema ndiyo, lakini siku niliporuhusiwa alinirudisha chuoni na hakumwambia mtu yeyote getini kwamba nina sukari.

Niliwaambia barazani, asubuhi, Mwalimu Rehema akiwa amekaa pamoja nao kama mwanafunzi. Nilisema, "Sina sukari. Nina kifafa." Neno lile sikuwahi kulitamka kwa sauti mbele ya watu, na nililisema nikiwa natazama sakafu. Mkalimani alisita kidogo kabla ya kuinua mikono. Niliinua macho nikamwona Godeliva anatazama viganja vyake, anavigeuza. Akavifuta kwenye sketi, taratibu, kimoja baada ya kingine. Akachukua magongo yake akaondoka.

Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa tangu mstarini kidato cha tatu, na kilikuwa kinatembea kwa magongo mbele yangu kikielekea bweni. Ezekia aliuliza, "Godeliva anaenda wapi?"

Jioni ile Godeliva hakuniongelesha. Aliosha mikono, akakaa, akaenda kuosha tena. Nilifungasha nguo zangu kwenye begi, nikazitoa, nikazifungasha. Nilimwazia mama na benchi lake, nikaona alikuwa na akili kuliko mimi.

Kesho yake baada ya chai alisimama mbele ya kitanda changu.

"Nimeenda kwa nesi. Nimemuuliza kama povu linaambukiza. Kasema haliambukizi."

"Haliambukizi," nikasema.

"Sijamwamini. Nikarudi nikamuuliza tena."

"Halafu?"

"Kasema vilevile, akanifukuza." Akavuta pumzi. "Kwetu Katumba wanasema linaambukiza, Skola. Mama yangu kasema, bibi yangu kasema. Mimi nimelipaka hadi shingoni. Sasa kama nimekipata nimekipata, kama sijakipata basi mama na bibi yangu wamenidanganya. Nionyeshe inavyotakiwa. Na taya nisishike?"

"Usishike. Usiweke kitu chochote mdomoni, hata kijiko, hata maji."

Tulifanya mazoezi kwenye mkeka, mimi nikijifanya nimeanguka na kila mtu akijaribu. Nilaze ubavu, legeza nguo shingoni, weka kitu laini chini ya kichwa, ondoa vitu vigumu, subiri nimalize mwenyewe, na nisipomaliza au nikirudia, hospitali haraka. Ezekia alichagua kazi ya kusogeza viti. Wale viziwi walikuwa wepesi kuliko wote, walinigeuza ubavu kwa mara moja, sisi tukiwa bado tunabishana. Godeliva ndiye aliyeshindwa. Hawezi kuchuchumaa, na akijaribu kuinama magongo yanateleza. "Mimi nitapiga kelele," alisema mwishoni, kwa hasira. "Kelele naziweza."

Mafunzo yakaisha, wanafunzi wengine wakafika na masanduku yao, mvua ikaanza. Kliniki walinibadilishia dawa, na kwa majuma machache ya mabadiliko hayo niliambiwa nitarajie lolote. Niliishi nikiwa nashika kuta. Kila nikisikia ganzi ya vidole nilikaa chini hapohapo nilipo, njiani, foleni ya chakula, popote, na wenzangu wapya wakawa wananiruka wakicheka. Godeliva aliwaeleza kwa ukali wake sababu. Wengine wakaacha kucheka, wengine wakaacha kukaa karibu nami. Yupo mmoja aliyehama meza. Ukweli una gharama hiyo, usije ukadhani nimekuficha.

Jumamosi moja mama alikuja kunitembelea, na dumu la asali kutoka kwa baba. Tulikuwa nyuma ya bweni, mimi na Godeliva, tunaanua nguo kwa sababu wingu lilikuwa linakuja. Wengine walikuwa uwanjani kwenye mpira. Nakumbuka nimeshika shuka upande mmoja na yeye upande mwingine, nakumbuka nimemwona mama kwa mbali anakuja na dumu lake. Yaliyofuata sikuyaona, kama kawaida yangu. Nasimulia kwa jinsi mama alivyonisimulia.

Nilianguka. Godeliva alipiga kelele kama alivyoahidi, lakini mpira ulikuwa umepamba moto na hakuna aliyesikia. Mama aliangusha dumu akakimbia, na alipofika hatua chache kutoka kwangu miguu ikakataa. Anasema alijiamuru kwenda, miguu ikakataa. Alisimama pale, mikono kichwani, kama alivyosimama Kasansa. Akamwona yule msichana anatupa gongo moja, anatupa la pili, anajiachia chini kwa ubavu kwenye matope kama mzigo, anajiburuta kwa viwiko mpaka kwangu. Akalala nyuma yangu, akanivuta nimlalie mkono, ubavu wangu kwenye ubavu wake, akaniwekea shuka safi chini ya kichwa. Na akabaki hapo, amelala nami matopeni, mvua ikianza kudondoka, akisubiri.

Nilipozinduka kulikuwa na pumzi ya mtu shingoni pangu. Nilikaa muda kabla ya kujua mimi ni nani na hapo ni wapi.

"Umerudi?" sauti ikauliza.

"Nimerudi."

"Mjinga wewe. Umenitisha."

Nilijigeuza nikamwona. Uso ulikuwa umejaa matope. Nikamuuliza kama aliogopa.

"Bado naogopa." Akajifuta matope machoni. "Sasa kama umeamka niinue, maana mimi hapa chini sitoki mwenyewe."

Nilijaribu. Sikuwa na nguvu hata za kumwinua kuku. Nilimshika kwapani, tukanyanyuka kidogo, tukateleza, tukarudi chini wote, yeye akitukana kwa Kirundi na mimi nikicheka bila kuziba mdomo, povu langu likiwa bado kidevuni. Ndipo mama alipofika. Alikuja, akapiga magoti kwenye matope, akapitisha mkono mmoja kwangu na mwingine kwa Godeliva, akatuvuta wote wawili kifuani, na hakuangalia kilichokuwa kinamchafua.